Kuzunguka, Kugeuka, Kukomea: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Ufundi

Maandishi tunayokusudia kuyahakiki hapa ni ya kurasa mbili tu. Yamebandikwa kwa gundi upande wa ndani wa mlango wa kabati, katika gari kuukuu la Volkswagen lililoko Kendwa, kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Hayana jina la mfasiri wala tarehe, na kichwa chake ni "Matunzo ya Viti vya Kuzunguka". Gari lenyewe ni la aina ile ambayo wasafiri hulala, hupika na hula ndani yake, na viti vyake viwili vya mbele vimeundwa ili viweze kutazama nyuma gari linaposimama, wenye safari wakae uso kwa uso kuizunguka meza ndogo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida linaloshughulikia istilahi lipoteze wino wake kwa karatasi ya kabatini, ilhali viko vitabu vizima vya sayansi vinavyongoja kuhakikiwa. Jibu letu ni kwamba kitabu cha sayansi kikikosea neno, mwanafunzi hukosa alama. Karatasi hii ilikosea neno, na mtu akavunjika mfupa. Tutalieleza jambo hilo mahali pake. Kwanza yafaa tukitazame kitu kinachozungumzwa, kwani mhakiki asiyekijua kitu hawezi kulipima jina lake.

Gari la Volkswagen la namna hii lilianza kuundwa mwaka 1950. Kizazi chake cha tatu, ambacho ndicho hiki cha Kendwa, kilitoka mwaka 1979, na kiliendelea kuundwa Afrika ya Kusini hadi mwaka 2002, ndiyo maana haya yenye usukani upande wa kulia, yanayofaa barabara zetu, bado yanaonekana. Kiti kimepandishwa juu ya sanduku la bati. Baina ya sanduku na kiti zimo sahani mbili za chuma: ya chini imekazwa isiondoke, ya juu imeshikamana na reli za kiti na hugeuka juu ya mwenziwe. Katikati pana bolti nene au bomba fupi lililo kama kitovu. Kwa baadhi ya magari sahani hizo hutenganishwa na gololi, na kwa mengine na vipande vya plastiki ngumu. Pembeni upo ulimi wa chuma unaosukumwa na springi. Kiti kikitazama mbele, ulimi huingia katika tundu lake na kukizuia kisigeuke. Mwenye kutaka kukigeuza huvuta mkono mdogo wa chuma, ulimi ukatoka tunduni, kiti kikawa huru. Ndani ya sanduku la kiti cha abiria hukaa betri.

Mashine hii ni nyepesi kuieleza na ni nyepesi pia kuharibika, hasa pwani. Upepo wa chumvi hula bati mwaka mzima, uwe wa kaskazi au wa kusi, na mchanga wa Kendwa, ulio mweupe na laini kama unga, huingia kwa nyayo za kila anayetoka kuogelea. Mchanga ukichanganyika na grisi ya zamani hufanya kitu kilicho sawa na msasa, nao husaga sahani na kulipanua lile tundu mpaka likaacha kuwa duara na kuwa na umbo la yai. Hapo ndipo matunzo yanapohitajiwa, na hapo ndipo karatasi yetu inapoanza kazi yake.

Tuanze na kichwa chenyewe. Neno "kuzunguka" limeteuliwa kana kwamba halina mpinzani. Lakini kila mtoto wa skuli aliyesoma jiografia amefundishwa kwamba dunia hujizungusha katika mhimili wake, tena hulizunguka jua. Kuzunguka ni kwenda pande zote za kitu na kurudi ulipoanzia: mlinzi huzunguka nyumba, mchuuzi huzunguka mitaani. Kiti kinachozunguka, kwa Kiswahili kilichonyooka, kingekuwa kiti kinachotembea ndani ya gari. Kiti chetu hakiendi popote. Kinageuza uso tu, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Kitenzi chake ni kugeuka, na fundi wa Kendwa tuliyezungumza naye hakutumia kingine hata mara moja: "kiti hiki kinageuka mpaka nusu kisha kinakwama." Tunakubali kwamba neno zunguka limekwisha kuenea kwa viti vya ofisini, ambavyo kweli huzunguka duara zima bila ya kizuizi, wala hatutaki kupigana na mazoea. Kiti cha gari, hata hivyo, kina mbele na nyuma. Hutoka upande mmoja kwenda wa pili na kurudi. Kigeuko chake kina mwanzo na mwisho, na tofauti hiyo ndiyo inayomlinda abiria.

Lau mfasiri angeng'ang'ania kuzunguka mwanzo hadi mwisho, tungelisema ni kosa dogo na kupita. Lakini katika ukurasa wa pili tunakuta: "Pindua kiti taratibu ili uone upande wa chini." Hapa hatujui tena tufanye nini. Chombo kilichopinduka baharini kimeelekeza mkuku juu. Gari lililopinduka liko kwenye mtaro. Msomaji mtiifu angekifungua kiti chote na kukilaza miguu juu, kazi ya saa nzima, ilhali iliyotakiwa ni kukigeuza tu robo ya mduara ili pembe ya sahani ya chini ijitokeze. Vitenzi geuka, zunguka, pinduka, na tukitaka tuongeze pinda na peta, vimegawana kazi katika lugha yetu kwa uangalifu mkubwa. Si visawe vya kubadilishana ili kuepuka kurudiarudia, kama tulivyofunzwa katika insha. Katika maandishi ya ufundi kurudiarudia ni adili: kitendo kimoja, kitenzi kimoja, kuanzia mstari wa kwanza hata wa mwisho.

Sasa tufike kwenye jeraha.

Neno "funga" limetumika mara 11 katika kurasa hizo mbili. Tumeyahesabu. Mara 4 lina maana ya kukaza bolti, mara 3 lina maana ya kukizuia kiti kwa ule ulimi wa springi, mara 2 ni mkanda wa abiria, mara 1 ni mlango, na mara 1 ni waya wa betri kurudishwa mahali pake. Neno funga ni punda wa lugha yetu. Halijapata kukataa mzigo. Mlango hufungwa, Ramadhani hufungwa, ndoa hufungwa, goli hufungwa, na mwizi naye hufungwa. Katika mazungumzo hapana tatizo, kwa sababu mkono na jicho la msemaji humaliza alichoacha ulimi wake. Karatasi haina mkono wala jicho.

Mstari wenyewe unasema: "Baada ya kurudisha kiti mbele, kifunge vizuri kabla ya kuendesha." Kijana wa gereji aliyekuwa amepewa kazi ya kulihudumia gari hilo aliusoma kwa uangalifu, nasi tunasisitiza kwamba aliusoma, maana wako watakaosema upesi kuwa mafundi wetu hawasomi. Alitazama juu kidogo katika ukurasa huohuo, akaona kwamba kila lilipotajwa neno funga lilihusu bolti. Basi akachukua spana akaikaza nati ya katikati, ile ya kitovu, kwa nguvu zake zote. Kiti kikawa kigumu. Alipokitikisa hakikutikisika, akaridhika. Lakini ule ulimi ulikuwa umeingia tunduni nusu tu, kwa kuwa tundu lilijaa mchanga na kutu, na ugumu wa nati ndio uliomficha jambo hilo. Kiti kilichokazwa kupita kiasi hujifanya kuwa kiti kilichozuiwa.

Tulikuwamo garini siku ya tatu yake. Karibu na Kinyasini ng'ombe aliikata barabara, dereva akashika breki, na kiti cha abiria, pamoja na mama mtu mzima aliyekikalia, kikageuka kuelekea mlangoni. Mkanda alikuwa ameufunga, lakini ulikuwa umeshikizwa kwenye nguzo ya gari na si kwenye kiti, kwa hivyo kiti kilipogeuka, ukamteleza begani. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Amepona, na huzungumza juu ya tukio hilo kwa mzaha kuliko sisi. Aliyekosea nani? Kijana alifanya alichoelewa, na alichoelewa ndicho kilichoandikwa.

Yafaa ieleweke kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapa. Tangu kale mlango wa Unguja umekuwa na komeo, na kitendo cha kulitia komeo mahali pake ni kukomea. Kamusi zetu kubwa zinalo neno hili. Kinyume chake ni kukomoa, kwa ule utaratibu mzuri wa lugha yetu wa kubatilisha tendo kwa kubadili mwisho wa shina, kama tunavyosema chomeka na chomoa, pachika na pachua, ziba na zibua. Ule ulimi wa chuma unaotumbukia katika tundu ni komeo, haupungukiwi na chochote. Lau mstari ule ungalisema "Rudisha kiti mbele, kisha kikomee", kijana asingeligusa spana, kwa kuwa hapana fundi duniani anayekomea kwa spana. Ingelimlazimu atafute komeo liko wapi, alione, aone na mchanga uliolizuia. Neno sahihi lingempeleka kwenye tundu lenyewe.

Baadhi ya wenzetu tuliowaonesha jambo hili walituambia kwamba komea ni neno la mlango wa mbao, na kwamba vijana wa leo hulijua zaidi komoa, tena kwa maana ya kumtia mtu adabu au kumfanyia inda. Hoja ya pili ina uzito, hatukatai. Lakini hoja ya kwanza haina. Neno usukani lilikuwa la jahazi kabla halijawa la gari. Hapana kamati iliyokaa ikaamua kwamba ubao wa kuongozea chombo uwe gurudumu la kuongozea gari. Watu waliona kazi ni moja, wakalihamisha jina kutoka majini hadi nchi kavu, na leo dereva wa Dodoma ambaye hajapata kuiona bahari anashika usukani bila ya kushangaa. Komeo linaweza kusafiri vivyo hivyo. Safari yake ni fupi zaidi: kutoka mlango wa nyumba hadi kiti cha gari.

Kwa bolti na nati, neno ni kaza, na kinyume chake ni legeza. Kwa mkanda, tuache funga, kwani ndivyo watu wasemavyo na hapana anayebabaika. Kwa waya wa betri tungependelea rudisha au shikiza. Kwa mlango, funga. Hivi mzigo wa punda mmoja umegawanywa kwa wanyama wanne, na kila mmoja anajua njia yake.

Tumefika kwenye betri, basi tuseme na hili, kwa sababu ndilo kosa jingine linaloweza kudhuru. Karatasi inaagiza: "Kabla ya kazi ondoa hasi." Msomaji wa kawaida atauliza, hasi ya nani? Istilahi chanya na hasi ni nzuri, zimekubalika mashuleni, nasi tunazitumia. Lakini fundi wa gari huzungumza juu ya waya wa bodi, yaani ule unaoshikana na mwili wa gari, na juu ya alama ya kutoa na ya kujumlisha zilizochorwa kwenye betri yenyewe. Kwa kuwa betri ya gari hili imo ndani ya sanduku la kiti, spana ndefu inayoangukia ncha yake huku ikigusa bati la sanduku itatoa cheche, na pengine kuunguza mkono au kuwasha godoro. Sentensi ilipaswa kuwa ndefu kidogo ili iwe salama: "Kabla ya kuanza kazi, chomoa kwenye betri waya wenye alama ya kutoa, ule unaokwenda kwenye bodi la gari, uuweke mbali." Ufupi si sifa ya lugha ya ufundi isipokuwa pale ambapo haumwachi msomaji na swali.

Baada ya uzito huo tucheke kidogo. Karatasi inasema: "Paka grisi kwa ukarimu." Fundi wetu, mzee aliyefundishwa kazi na baba yake, aliposomewa maneno hayo alituuliza kama grisi ilikuwa imekuja kama mgeni. Ukarimu ni tabia ya mtu kwa mtu. Hakika ni namna ya kusema ya lugha nyingine iliyovalishwa kanzu ya Kiswahili bila ya kupimwa mabega. Tena agizo lenyewe ni baya hata likitengenezwa, maana grisi nyingi katika Kendwa ni chambo cha mchanga. Mzee yule hufanya hivi: kwanza hukipekua kiti chote kwa brashi kavu na kufagia mchanga wote bila ya kutia tone la mafuta, kwa kuwa mafuta juu ya mchanga hutengeneza tope linalosaga, kisha husugua kutu kwa brashi ya waya, kisha hufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na betri, akaacha pakauke, mwisho hupaka grisi utando mwembamba juu ya njia ya sahani na kwenye kitovu, na tone la mafuta mepesi kwenye springi ya komeo. "Iwe kama unavyopaka samli kwenye mkate," alisema, "si kama unavyotia mchuzi kwenye wali." Tumejaribu kuandika agizo lililo wazi kuliko hilo, tumeshindwa.

Mfasiri alipata bahati mahali pamoja, na haki ni haki, lazima tumpongeze. Ameandika: "Shika egemeo la kiti kwa mikono miwili utikise, kiti kisicheze." Kucheza ndilo neno la mafundi wote wa pwani kwa kitu kilicholegea na kuyumba mahali pake. Gurudumu hucheza, jino hucheza, msumari hucheza. Neno hilo linaonekana la mchezo tu kwa mtu wa ofisini, lakini katika gereji lina maana moja iliyokatwa kwa kisu. Tungeongeza jambo moja ambalo karatasi imelisahau: kiti kitikiswe kikiwa kimekomewa na kabla nati ya katikati haijakazwa, ili mchezo wa komeo usifichwe na ugumu wa nati. Ikiwa tundu limekuwa yai, hapana grisi wala spana itakayoliponya. Sahani itachomewa na kutobolewa upya, au itabadilishwa.

Sasa tugeukie neno ambalo pengine msomaji alitaraji tuanze nalo, yaani jina la gari lenyewe. Karatasi inaliita "gari la kambi". Tumesikia pia gari-nyumba na karavani. Kambi kwa msomaji wetu ni ya jeshi, ya wakimbizi au ya vijana wa michezo. Ina watu wengi na amri nyingi. Wavuvi wa kaskazini ya Unguja wana neno lao kwa makazi ya muda ambapo mtu huweka jiko, kamba na mkeka wake karibu na samaki, akalala siku kadhaa kisha akarudi nyumbani: ni dago. Gari la dago lingekuwa jina la haki kabisa kwa gari hili, na tulipolijaribu Kendwa lilieleweka mara moja, kwa vicheko vya kukubali. Hata hivyo tunajua kwamba msomaji wa Tabora hatalielewa, na kwa kuwa tayari tunalo behewa la kulala katika reli, tunaona gari la kulala litatosha kwa matumizi ya nchi nzima. Dago tungependa liandikwe pembeni, lisisahauliwe.

Na kuhusu viti vya kutazamana, watu wetu walikwisha kutoa jina bila ya kuombwa. Wakazi wa Dar es Salaam walikuwa na magari ya abiria yaliyotiwa mabao mawili marefu, wasafiri wakakaa magoti kwa magoti kama walaji katika mkahawa wa bei nafuu, nao wakayaita chai maharage. Hapa Unguja daladala za mabao bado zinaendesha njia ya Nungwi kwa ukaaji huohuo. Gari halikuitwa kwa injini yake, wala kwa nchi lilikotoka. Liliitwa kwa namna watu wanavyokaa ndani yake. Hili linatuonesha wapi jicho la Mswahili hutua kwanza: kwenye kitendo, na kwenye uhusiano wa mtu na mtu.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu mkubwa zaidi kuliko ule wa karatasi ya kabatini. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo kazi ya kutoa orodha za istilahi imefanywa kwa bidii inayostahili heshima. Lakini mtu akizipitia orodha za ufundi ataona kwamba aghalabu ni majina. Tunapewa jina la kifaa hiki na kifaa kile, jina la sehemu hii na sehemu ile, hata tunapata majina kwa vitu ambavyo havijafika nchini. Vitenzi huachwa vijitafutie riziki. Inadhaniwa, bila ya kusemwa, kwamba kitenzi tayari tunacho, na kwamba kilichokosekana ni jina tu. Ajali ya Kinyasini haikuletwa na jina. Mfasiri alijua kiti ni nini, bolti ni nini, mkanda ni nini. Fundi naye alijua. Walipoachana njia ni kwenye kitendo, mmoja alipomaanisha komea na mwingine akasoma kaza, kwa kuwa baina yao palikuwa na neno moja tu, funga.

Kanuni inayotajwa daima ni kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kabla ya kwenda kwa jirani au kuvuka bahari. Kanuni ni njema. Lakini lahaja haitafutwi kwa kufungua kamusi mezani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na iliyochaguliwa ni Kiunguja cha mjini; mwaka 1930 kamati ikaundwa kuisimamia. Watu wa Nungwi na Kendwa, ambao usemi wao uko karibu na Kitumbatu, hawakuwa mbali na mji huo hata kilomita 60, nao hadi leo hujenga majahazi kwa mikono na wana kitenzi kwa kila namna ya kupachika ubao kwenye ubao. Ni nani aliyekwenda kukaa nao kwa siku mbili, si kuwauliza majina ya vitu, bali kuwatazama wakifanya kazi na kuandika wanachokiita kila wanachokifanya? Kitendo ukimwuliza mtu barazani hatakikumbuka. Kitendo hukumbukwa na mkono.

Tunatambua hoja ya wale wanaoogopa kwamba lugha ya gereji itachafua usanifu. Iko misemo ya gereji ambayo sisi pia hatuipendi, na maneno ya mkopo yaliyovunjwa mbavu ambayo yana mbadala mzuri. Hakuna anayetaka yote yaingizwe. Tunachosema ni kwamba neno linaloelewa kazi lisikataliwe kwa sababu lina mafuta mikononi. Kucheza, kukwama, kukamata, kukomea, kulegea, kuteleza: haya si maneno ya mitaani. Ni Kiswahili cha zamani kuliko orodha zetu.

Mwenye gari alituomba tuiandike upya karatasi yake, nasi tukakubali, kwa sharti kwamba isomwe kwa sauti mbele ya kijana na mzee kabla ya kubandikwa. Sehemu iliyoleta msiba sasa inasomeka hivi: "Geuza kiti mpaka kitazame mbele. Sikiliza komeo likilia linapoingia tunduni. Usiposikia, kiti hakijakomewa: fagia tundu, toa mchanga, ujaribu tena. Kisha shika egemeo ujaribu kukigeuza kwa nguvu bila ya kuvuta mkono wa komeo. Kikigeuka hata kidogo, gari lisiondoke. Nati ya katikati haikazwi ili kuzuia kiti. Hukazwa ili sahani zisicheze tu, na kiti kikikomolewa lazima kigeuke kwa mkono mmoja. Abiria asikalie kiti kilichotazama nyuma gari likiwa mwendoni."

Kijana aliomba neno moja lirekebishwe. Sisi tulikuwa tumeandika "sahani ya juu" na "sahani ya chini", naye akasema kwamba mtu anayelala chini ya kiti akitazama juu huchanganyikiwa ipi ni ipi. Mzee akasema kwamba yeye tangu zamani huiita ya chini sahani na ya juu kawa, kwa sababu hii huifunika ile kama kawa linavyofunika chakula. Tumeyaandika hivyo hivyo, sahani na kawa, na orodha tutakayoipeleka kamatini itakuwa nayo yote mawili, pamoja na vitenzi vyake: kawa hugeuka, sahani haigeuki.